Kuuliza Si Kukufuru

(Mazungumzo haya yalisomwa redioni Jumapili jioni.)



Tarehe 21 Desemba 2015, basi la abiria lililokuwa likitoka Nairobi kwenda Mandera, kaskazini-mashariki mwa Kenya, lilisimamishwa njiani karibu na El Wak na watu wenye bunduki wa kundi la Al-Shabaab. Abiria waliamriwa kuteremka, kisha wakatakiwa wagawanyike: Waislamu upande mmoja, na wasio Waislamu upande wa pili. Hakuna aliyehitaji kuelezwa maana ya amri hiyo. Mwaka mmoja kabla, tarehe 22 Novemba 2014, basi jingine lilitekwa huko huko Mandera, na watu 28 ambao hawakuwa Waislamu walitengwa na wenzao wakauawa. Na tarehe 2 Aprili mwaka huo huo wa 2015, wauaji wa kundi hilo hilo walikuwa wameingia Chuo Kikuu cha Garissa, na watu 148 wakapoteza maisha.

Lakini siku ile ya Desemba mambo hayakwenda kama wauaji walivyopanga. Abiria Waislamu walikataa kugawanyika. Kina mama walivua mitandio wakawafunika wenzao Wakristo. Abiria wakawaambia wale watu wenye bunduki kwamba kama wamekuja kuua, basi waue wote, la sivyo wawaache wote. Watu wawili waliuawa katika shambulio hilo, lakini wengi waliokuwa wamekusudiwa kufa walirudi kwao wakiwa hai. Miongoni mwa waliojeruhiwa alikuwa mwalimu Salah Farah, Mwislamu, naibu mwalimu mkuu wa shule ya msingi, aliyepigwa risasi kwa kukataa kuwatenga wenzake. Alipelekwa Nairobi kutibiwa, na huko alifariki Januari 2016.

Sasa, ndugu wasikilizaji, kisa hicho kilifanywa filamu. Waliokifanya hawakuwa watu wakubwa wa Hollywood wenye mamilioni ya dola. Walikuwa wanafunzi wa Hamburg Media School, Ujerumani, waliokuwa wakimalizia masomo yao. Mwongozaji, Katja Benrath, alikuja Kenya na wenzake, wakafanya kazi na waigizaji na mafundi wa hapa Afrika Mashariki. Filamu yao ina dakika 22 tu. Jina lake ni la Kiswahili, nalo ni "Watu Wote", na wahusika wake wanasema Kiswahili na Kisomali. Mwaka 2017 ilipata medali ya dhahabu katika tuzo za Oscar za wanafunzi, na mwaka 2018 ikawa miongoni mwa filamu tano fupi zilizoteuliwa kuwania Oscar yenyewe. Haikushinda, tuzo ilikwenda kwa filamu ya Uingereza. Hata hivyo, kwa filamu ya wanafunzi kufika hapo si jambo dogo.

Nimeikumbuka filamu hiyo kwa sababu ya barua. Juma lililopita nililetewa barua na vijana watatu wa hapa jijini, Dar es Salaam. Wawili ni Wakristo na mmoja ni Mwislamu. Wana kamera moja ya kuazima na simu zao za mkononi, na wameandika mswada wa filamu fupi ya dakika 15. Kisa chao ni cha msichana mwimbaji wa kwaya ambaye mdogo wake anaugua. Kwaya yote inafunga na kuomba, lakini mtoto anafariki. Jumapili inayofuata msichana anasimama mahali pake katika mstari wa sauti ya kwanza, kinanda kinapigwa, wenzake wanaanza kuimba, naye hawezi kufungua kinywa.

Vijana hao wanasema kila walipoomba msaada walikemewa. Mahali walipotaka kupigia picha walinyimwa, wakaambiwa hapo ni nyumba ya ibada na wala si nyumba ya mashaka. Mzee mmoja aliwaambia wanajitafutia laana. Shangazi wa mmoja wao amekataa kata kata mpwa wake asionekane ndani ya filamu ya "watu waliomkana Mungu". Wanauliza: je, waiache kazi hiyo, watafute kisa cha mapenzi kama wenzao?

Jibu langu ni fupi, na muda uliobaki nitautumia kulieleza. Wasiiache.

Jambo la kwanza. Wanaosema kwamba shaka haina nafasi katika nyumba ya ibada wamesahau yaliyomo ndani ya vitabu vyenyewe. Ayubu, ambaye Wakristo na Waislamu wote wanamheshimu, alipoteza watoto, mali na afya. Katika Biblia yuko kwenye majivu akilaani siku aliyozaliwa na kumtaka Mungu amjibu. Hakutolewa ndani ya kitabu kwa maneno hayo. Kinyume chake, walioambiwa mwishoni kwamba walisema yasiyo sawa ni wale rafiki zake waliojifanya kumtetea Mungu kwa kumlaumu mfiwa. Toma alikataa kuamini mpaka aone alama za misumari, na akaonyeshwa. Ndani ya Kurani, katika sura ya Al-Baqara, Nabii Ibrahimu anamwomba Mwenyezi Mungu amwonyeshe jinsi anavyofufua wafu, si kwa kuwa haamini, bali ili moyo wake upate utulivu. Naye anajibiwa.

Basi kama Nabii aliuliza, msichana wa kwaya naye anaweza kuuliza. Kuuliza si kukufuru. Anayeuliza bado anaamini kuna wa kumjibu. Aliyekata tamaa kabisa haulizi kitu. Hunyamaza akaenda zake, na mara nyingi sisi tulio jirani zake hatujui hata siku aliyoondoka.

Hapo ndipo penye uzito wa suala hili, ndugu wasikilizaji. Katika miji yetu hii mna watu wengi wanaokwenda kwenye ibada kila wiki wakiwa na swali wasiloweza kulitamka. Mama aliyezika watoto wawili. Kijana aliyeahidiwa kazi kwa maombi, mwaka wa tatu sasa. Mgonjwa aliyetangaziwa amepona mbele ya umati, akaacha dawa, hali ikawa mbaya zaidi. Watu hao wakifungua kinywa wanaambiwa imani yao ni haba. Kwa hiyo wanajifunza kuitika "amina" kwa sauti kubwa ili swali lisisikike. Filamu inayomwonyesha mtu mmoja wa namna hiyo haimwondoi mtu yeyote katika dini yake. Inamwambia yule aliyeko kiti cha nyuma kwamba hayuko peke yake.

Jambo la pili ni namna ya kulitenda, na hapa narudi kwenye "Watu Wote", maana ina funzo kwa kila kijana anayetaka kushika kamera.

Mhusika mkuu wa filamu ile hakuwekwa mtakatifu. Ni mwanamke Mkristo aitwaye Jua. Mume wake na mtoto wake waliuawa na watu waliojiita wapiganaji wa dini, naye anapanda basi lililojaa watu wa dini ile ile aliyofundishwa na msiba wake kuichukia. Anaogopa, na woga wake unamfanya awe mkali kwa watu ambao hawajamkosea. Mtazamaji anamwelewa, lakini hamshangilii. Kisha saa ya hatari inafika, na wanaosimama kati yake na bunduki ni walewale aliokuwa akiwatazama kwa jicho la chuki.

Angalieni walichofanya vijana wale wa Hamburg. Hawakuweka hotuba juu ya upendo. Hawakumleta padri wala shehe kufafanua. Imani na shaka wameziweka katika mambo yanayoonekana kwa macho: ni nani anakaa karibu na nani, ni nani anamtazama nani, kitambaa cha kujifunikia kinatoka kichwani kwa nani kinakwenda kichwani kwa nani. Kamera haina uwezo wa kuingia moyoni. Inaona mikono, uso, mlango unaofungwa. Kwa hiyo mwenye kutaka kuonyesha moyo uliotikisika hana budi kutafuta kitu cha nje kitakachousemea.

Vijana wetu tayari wanacho kitu hicho. Kinywa kisichofunguka katikati ya kwaya inayoimba ni picha tosha. Mimi ni mtu wa redio, kazi yangu ni sauti, na ninawaambia kwamba sauti za watu 20 wakiimba na sauti moja ikikosekana husikika vizuri sana ikirekodiwa kwa uangalifu. Wasije wakaiharibu kwa kuweka mtu wa kutueleza kwamba "msichana huyu alikuwa amepoteza imani". Tutakuwa tumekwisha kuona.

Jambo la tatu ni mwisho wa filamu. Hapa, ndugu wasikilizaji, sina budi kusema ukweli kuhusu filamu zetu wenyewe. Tangu enzi za kanda za video, filamu nyingi za hapa nchini zinazogusa dini zimepita njia moja. Mtu anapatwa na balaa, anakwenda kwa mganga, balaa linazidi. Mwishoni anatokea mtumishi wa Mungu, anaweka mkono juu ya kichwa, pepo linapiga kelele na kutoka, na familia yote inatabasamu. Sisemi kwamba maombi hayaponyi watu. Hilo kila mtu na imani yake. Nasema kwamba msiba wa miaka 10 ukimalizwa kwa dakika tano, mfiwa aliyekaa akitazama anajua amedanganywa. Anazima runinga akiwa mpweke kuliko alivyoiwasha.

Filamu fupi haina nafasi ya kumaliza kila kitu, na huo ndio uzuri wake. Dakika 15 hazitoshi kumfikisha mtu kwenye wokovu, wala hazitoshi kumfikisha kwenye kukana. Zinatosha kuuliza swali moja na kulishika bila kulikwepa. Kama msichana ataimba tena au hataimba, huenda hilo si la filamu kutuambia. Yatosha kumwona mwimbaji mwenzake akihama mahali pake, akaja kusimama karibu naye, bega kwa bega, bila kumhubiria.

Wapo watakaosema haya ni mambo ya Wazungu wasio na dini. Nao nawajibu kwa mfano wa Mzungu. Ingmar Bergman, mwongozaji mashuhuri wa Sweden, alikuwa mtoto wa mchungaji wa Kilutheri. Mwaka 1963 alitoa filamu kuhusu mchungaji wa kanisa la kijijini ambaye waumini wake wamebaki wachache, naye mwenyewe hasikii tena jibu anapoomba. Mvuvi mmoja aliyejawa na hofu ya vita vya bomu la atomiki anamjia atafute neno la faraja. Mchungaji hana la kumpa ila mashaka yake mwenyewe, na yule mvuvi anakwenda kujiua. Ni filamu nzito, na haichekeshi hata kidogo. Lakini aliyeitengeneza hakuwa mtu aliyesimama nje akirusha mawe kwenye madirisha ya kanisa. Alikulia ndani ya nyumba ya mchungaji, na aliyajua maswali ya nyumba hiyo kama anavyojua mtoto wa fundi makorokoro ya karakana ya baba yake.

Wala hatuhitaji kwenda Ulaya. Tarehe 7 Agosti 1998 mabomu yalilipuka kwenye balozi za Marekani Nairobi na hapa Dar es Salaam. Nairobi walikufa watu 213, na hapa kwetu 11. Mwaka 2008, miaka 10 baada ya msiba huo, mwongozaji wa Kenya, Wanuri Kahiu, akiwa hajatimiza miaka 30, alitoa filamu iitwayo "From a Whisper". Ndani yake mna msichana anayemtafuta mama yake aliyepotea siku ya mlipuko, na mna afisa wa usalama, Mwislamu, anayebeba mzigo mzito: rafiki yake mwenyewe alikuwa miongoni mwa waliohusika. Fikirini imani ya mtu huyo inapitia nini. Anasali kama rafiki yake alivyosali, naye rafiki yake akaua. Mwaka 2009 filamu hiyo ilitwaa tuzo ya filamu bora katika tuzo za filamu za Afrika zinazotolewa Nigeria, na mwongozaji wake akatwaa ya mwongozaji bora.

Kwa hiyo jambo hili linawezekana, na limekwisha kufanywa na mkono wa Mwafrika wa Mashariki. Nalitaja kwa makusudi. "Watu Wote" ni kazi nzuri na waliohusika wanastahili sifa, waigizaji wetu wakiwamo. Lakini hapana budi tujiulize kwa nini kisa cha Mandera, kilichotokea barabarani kwetu, kwa lugha zetu, kikawa ni wanafunzi wa Hamburg waliowahi kukifikisha duniani. Sababu moja ni fedha, hilo linajulikana. Chuo cha Ulaya kina vifaa na kina wafadhili. Sababu ya pili hatuitaji sana: vijana wetu wakigusa mambo ya imani tunawatisha. Kijana akiandika kisa cha wizi wa mume hakuna anayemwita. Akiandika kisa cha mtu aliyeshindwa kuomba, ukoo mzima unakaa kikao. Kisha filamu ikija kutoka nje ikiwa na tuzo, tunapiga makofi.

Pamoja na kuwatetea, yapo niliyotaka kuwaasa vijana hawa na wengine wanaofikiria kazi kama hiyo.

Kwanza, kuuliza na kudhihaki ni vitu viwili. Mwenye kudhihaki humchukua muumini mjinga kuliko wote, akamvisha kanzu au joho, ili tumcheke. Huo ni uvivu. Katika filamu ya shaka, yule anayeamini lazima awe na akili timamu na maneno ya kweli. Kiongozi wa kwaya anayemwambia msichana avumilie asifanywe kikaragosi. Huenda naye amezika mtoto, na wimbo ndio uliomvusha.

Pili, wakae na watu wa dini kabla ya kupiga picha. Wampelekee mswada mchungaji mmoja na shehe mmoja, wawasikilize. Si kwa ajili ya kuomba ruhusa ya kufikiri, bali kujua ibada inavyokwenda hasa: ni nani anasimama wapi, ni wakati gani watu hunyamaza, maiti ya mtoto huzikwaje. Kosa dogo hapo humpa mtazamaji sababu ya kukataa filamu nzima. Na viongozi wa dini nao nawaomba wasifunge mlango. Wamekaa vitandani mwa wagonjwa wengi kuliko sisi waandishi, na wanajua fika kwamba maswali haya yapo.

Tatu, wafuate taratibu. Tanzania ina sheria ya filamu na michezo ya kuigiza tangu mwaka 1976, na kazi hupitia Bodi ya Filamu. Kijana mwenye kisa kigumu ndiye hasa anayetakiwa awe na kibali mkononi, ili atakayetaka kumzuia kwa sababu ya maudhui asipate kisingizio cha karatasi. Baada ya hapo zipo njia za kuonyesha. Tamasha la filamu la Zanzibar lilianza mwaka 1998, na filamu fupi zimekuwa zikipata nafasi humo.

Nne, na hili ni zito, wawakumbuke wafiwa. Kisa kikitokana na kifo cha kweli, iko familia iliyobaki. Wasichukue machozi ya mtu bila kumwuliza. Mwalimu Salah Farah ana watu wake waliomlilia, nao si wahusika wa filamu.

Ndugu wasikilizaji, wahenga walisema kuuliza si ujinga. Walikuwa wakiwaambia wageni wasioijua njia, lakini nadhani neno hilo linawafaa hata wenyeji. Sisi tuliozaliwa ndani ya imani zetu, tukalelewa nazo, tukazikwa au tutakaozikwa kwazo, tumezoea kudhani kwamba njia tunaijua kwa usiku na mchana. Kisha siku moja kunakuwa na giza ambalo hatujawahi kuliona.

Wale abiria wa Mandera walikutana na giza hilo barabarani, mchana kweupe. Walioshika bunduki walikuwa na hakika kabisa juu ya imani yao; hawakuwa na swali hata moja. Nao wale abiria waliosimama mbele yao hawakupewa muda wa kusoma kitabu wala kuuliza fatwa. Walimtazama mtu aliyekaa nao kiti kimoja tangu Nairobi, wakaamua kwamba hawatamtoa. Mimi nikiambiwa nichague kati ya hakika ya namna ile na mashaka ya msichana mmoja anayemlilia mdogo wake, najua nitakayemkaribisha nyumbani kwangu.

Hadi juma lijalo panapo majaliwa, nawatakia jioni njema.